Baiskeli ya shule na njia za Dodoma: kiangazi mchanga, masika matope

KILA Januari shule zinapofunguliwa, wazazi wengi wa Dodoma huingia dukani kutafuta baiskeli. Mtoto ameanza kidato cha kwanza, sekondari ya kata iko mbali, na kutembea kilomita sita asubuhi na nyingine sita jioni kunamchosha kabla hajafungua daftari. Baiskeli inanunuliwa, inajazwa upepo, mtoto anaizungusha uwanjani mara mbili tatu huku wadogo zake wakimkimbilia nyuma. Kesho yake anaingia nayo njiani.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wazazi wachache hulifikiria. Njia aliyoiona mzazi Oktoba, alipopita kwenda kuuliza habari za shule, siyo njia atakayoikuta mtoto Januari. Na ile ya Januari siyo ya Julai. Mahali ni palepale, miti ni ileile, lakini ardhi imebadilika, na baiskeli ni chombo kinachoihisi ardhi kuliko miguu inavyoihisi.

Mvua za nyanda za kati huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziita mvua za msimu. Wenyeji wengi husema tu masika. Ni mvua chache. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu nusu ya zile za Dar es Salaam, na mara nyingi Februari hukatika kwa wiki kadhaa katikati ya msimu. Uchache huo unadanganya. Mvua ya Dodoma hainyunyizi, inashuka kwa kishindo, mara nyingi alasiri au usiku, saa moja au mbili, kisha anga linatakata kama halikufanya lolote. Ardhi iliyokaa kavu miezi saba haiwezi kunywa maji yote hayo kwa mkupuo. Maji yanatiririka, na mahali pepesi pa kutiririkia ni njia iliyokwisha kukanyagwa na miguu, kwato na magurudumu.

Jina la mji lenyewe lina tope ndani yake. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito, akadidimia asiweze kutoka, na waliomwona wakasema "idodomya", yaani amezama. Wapo wanaobishana kama kisa hicho ni cha kweli. Aliyewahi kusukuma baiskeli mwezi wa pili kwenye mbuga ya udongo mweusi hana haja ya kubishana.

Watoto wawili, shule moja, misimu miwili

Fikiria watoto wawili wa darasa moja, kila mmoja ana kilomita tano za kwenda shule. Wa kwanza anatoka upande wa juu, karibu na vilima vya mawe, ambako udongo ni mwekundu wenye kichanga. Wa pili anatoka bondeni kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, wa aina ile inayolimwa mpunga kule Bahi.

Kiangazi, wa bondeni ndiye mwenye raha. Udongo mweusi ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na njia iliyokanyagwa vizuri hupitika kwa kasi. Adui yake ni nyufa. Mfinyanzi huo hunywea unapokauka na kupasuka, na ufa uliofuata urefu wa njia unaweza kumeza gurudumu la mbele. Mtoto anayejua hilo hupita katikati ya njia, kwenye mgandamizo wa miguu ya watu, hafuati kingo.

Mwenzake wa juu wakati huohuo anahangaika. Kichanga kilichosagwa na kwato za ng'ombe tangu Mei kinakuwa kirefu kufikia Septemba, hasa kwenye mabonde na vivuko vya mito mikavu. Gurudumu la mbele linazama, usukani unakataa, mtoto anashuka anasukuma. Atachelewa, na kuchelewa kwake hakutokani na uvivu.

Mvua inaponyesha, kibao kinageuka. Mchanga uliolowa kidogo hushikana. Maji membamba yaliyo kati ya chembe huzivuta pamoja, ndiyo maana watoto hujenga vijumba kwa mchanga wenye unyevu na hawawezi kwa mkavu. Siku moja baada ya mvua ya wastani, njia ya kichanga huwa nzuri kuliko siku nyingine zote za mwaka. Lakini yule wa bondeni sasa hana njia. Mfinyanzi mweusi hunywa maji, huvimba, hunata. Unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na mtoto anajikuta amebeba baiskeli begani badala ya baiskeli kumbeba yeye. Udongo huo haukauki kwa siku moja. Baada ya mvua kubwa unaweza kuhitaji siku tatu, nne, au wiki nzima kama mawingu hayatoki.

Ndiyo maana ushauri wa jirani kuhusu baiskeli unaweza kuwa wa kweli kwake na wa uongo kwako. Anayesema "mwanangu anaendesha masika yote bila shida" huenda anakaa kwenye kichanga. Kabla ya kununua, mzazi atembee njia yote kwa miguu, achukue udongo mkononi, aumimine maji kidogo na kuufinyanga. Ukikubali kusokotwa kama uzi mrefu usiokatika, huo ni mfinyanzi, na masika mtoto atahitaji njia nyingine hata kama ni ndefu zaidi. Ukivunjika kila unapousokota, una kichanga kingi, na tabu itakuja kiangazi.

Kwa wa bondeni kuna hatua moja ya gharama ndogo. Madigadi yaliyobana tairi yasogezwe juu na fundi, au ya mbele yaondolewe kabisa kwa miezi ya mvua. Sare itachafuka. Sare hufuliwa.

Miiba, changarawe na upepo

Msimu wa pancha hauanzi pale watu wengi wanapodhani. Mbigili huota na mvua, hutambaa chini na kutoa maua madogo ya njano, na wakati huo haina madhara kwa tairi. Mvua zikikatika, mbegu zake hukauka na kuwa na miiba migumu iliyopangwa kwa namna kwamba vyovyote mbegu itakavyoanguka, mwiba mmoja hutazama juu. Kwa hiyo Mei na Juni, njia inapoonekana safi na kavu, ndipo tyubu zinapotobolewa. Ongeza miiba ya migunga inayoburutwa na wafugaji wanapojenga maboma, na mtoto anaweza kuziba pancha mara mbili kwa wiki.

Mafundi wa mitaani wana dawa ya siku nyingi: kukata tyubu kuukuu kwa urefu na kuivalisha ndani ya tairi kabla ya tyubu nzima. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini miiba mifupi haifiki ndani. Na mtoto wa miaka kumi na tatu anaweza kabisa kujifunza kuziba pancha mwenyewe. Viraka, solusheni, kipande cha msasa na pampu ndogo vinaenea kwenye mfuko mmoja. Kinachomtesha zaidi ni kutojua kwamba mwiba uliotoboa bado umo ndani ya tairi; akirudisha tyubu bila kupapasa tairi kwa ndani, ataziba tena baada ya hatua mia.

Changarawe ni hatari ya kimyakimya. Kwenye miteremko ambako maji yameosha udongo laini, hubaki vijiwe juu ya ardhi ngumu, na gurudumu huteleza juu yake kama juu ya gololi. Watoto wengi huanguka hapo kwa sababu moja: wanabana breki ya mbele katikati ya kona. Wafundishwe kupunguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka, na kutegemea zaidi breki ya nyuma. Hili halifundishwi kwa maneno. Mzazi atafute mteremko mfupi, amsimamie mtoto ashuke mara kumi.

Upepo wa kiangazi nao ni sehemu ya njia. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kwa nguvu kutoka mashariki na kusini-mashariki, hasa mchana, ukiinua vumbi. Mtoto ambaye shule yake iko magharibi mwa nyumbani husukumwa asubuhi na kupigwa usoni jioni, akiwa na njaa. Vumbi hilohilo huingia kwenye mnyororo. Wazazi wengi humwagia mafuta mengi wakidhani wanausaidia, kumbe mafuta mengi hukamata vumbi na kuwa tope la kusaga vyuma. Kiangazi mnyororo ufutwe kwa kitambaa kikavu, uwekwe tone dogo kwenye kila kiungo, na mafuta ya ziada yafutwe tena. Masika ndipo unapotaka kupakwa mara kwa mara, kwa sababu mvua huosha kila kitu.

Mto usio na maji

Yote hayo ni usumbufu. Mto ni jambo jingine, na hapa mzazi asisome haraka.

Mito mingi ya Dodoma ni ya msimu. Miezi saba au minane huwa barabara za mchanga. Watu huchimba visima humo, ng'ombe hulala humo, watoto hucheza mpira humo. Mtoto aliyevuka mara mia nne bila kuona maji anaamini kwamba pale si mto. Kisha usiku mmoja wa Januari mvua inanyesha milimani, kilomita ishirini kutoka hapo. Nyumbani hakujanyesha hata tone. Asubuhi anga ni la buluu, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita kwenye kivuko yakibeba matawi.

Nguvu ya maji ya nyanda hizi haihitaji hadithi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mvua zilizonyesha katika wilaya za juu zilishuka hadi Kilosa, zikafurika mjini na kuharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe vibaya kiasi kwamba safari za treni zilisimama kwa miezi. Ikiwa maji hayo hung'oa tuta la reli, baiskeli ni unyasi.

Watu hupima mto kwa kina, na hapo ndipo wanapokosea. Kinachoangusha ni mwendo. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 hivi zinatosha kuanza kuelea gari dogo. Mtoto mwenye baiskeli yuko katika hali mbaya zaidi ya mtoto asiye nayo, kwa sababu magurudumu yaliyokaa kwa ubavu huyapa maji mahali pa kusukuma, na yeye hataki kuiachia. Baiskeli mpya, baba kaihangaikia, atairudishaje nyumbani bila hiyo? Wapo watoto watakaoshikilia usukani mpaka mwisho kwa kuogopa kuchapwa.

Kwa hiyo mazungumzo ya kwanza kuhusu baiskeli yawe haya, na yafanyike kabla ya mvua ya kwanza: mto ukiwa na maji yanayotembea, havuki. Hata kama yanafika kwenye kifundo cha mguu. Hata kama wakubwa wamevuka. Hata kama kuna mtihani. Na baiskeli ikichukuliwa na maji, hataulizwa. Mzazi alitamke hilo kwa mdomo wake, mbele ya mtoto, kwa sababu mtoto hawezi kulikisia.

Amri ya "usivuke" bila njia nyingine ni amri nusu. Asubuhi jibu ni rahisi: anarudi nyumbani, na mzazi anamwarifu mwalimu wa darasa. Jioni ndiyo kazi. Mvua nyingi hunyesha alasiri, kwa hiyo mto uliokuwa mkavu saa moja asubuhi unaweza kujaa saa kumi jioni, mtoto yuko ng'ambo, giza linakuja, na hana simu. Familia zenye busara hupata mapema nyumba moja ya jamaa au mtu wanayemwamini upande wa shule, mtoto akaijua, na mwenye nyumba akawa na namba ya mzazi. Mafuriko mengi ya mito hii hupungua baada ya saa chache. Mara nyingine ni kusubiri tu na uji.

Maji yakipungua hatari haijaisha mara moja. Mto uliofurika huhamisha mchanga. Penye ugumu jana leo kuna shimo lililojaa maji ya tope, au mchanga unaodidimiza. Siku ya kwanza baada ya mafuriko mtu mzima atangulie kuvuka kwa fimbo.

Breki zikilowa

Jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi: baiskeli nyingi kubwa za kizamani zinazouzwa huku, zile za vyuma vya breki na rimu za chuma kinachong'aa, husimama vizuri kwenye ukavu na karibu zisisimame kwenye mvua. Maji juu ya chuma laini hufanya mpira wa breki uteleze. Baiskeli za gia za mtumba zenye rimu za alumini ni afadhali, ingawa nazo zinahitaji umbali mrefu zaidi zikilowa. Mtoto afundishwe kubana breki kidogo kidogo mapema ili kufuta maji kwenye rimu, kisha abane kwa nguvu. Na baada ya matope mipira ya breki ikaguliwe, kwa kuwa chembe za mchanga zilizonasa hula rimu kama tupa.

Siku ya mvua pia si siku ya kumpakia mdogo wake kwenye keria. Uzito wa nyuma huinua mbele, na usukani unakuwa mwepesi pale pale unapohitajika.

Njia nayo huharibika

Baiskeli za gia zenye tairi pana ambazo watoto wengi huzipenda zina historia ya vumbi na matope. Zilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana walipokuwa wakishuka kwa kasi kwenye njia za mlima Tamalpais na baiskeli kuukuu. Mashindano yao yaliyoanza 1976 yaliitwa Repack, kwa sababu breki ya kitovu ilichemka mpaka grisi ikaungua, na baada ya kushuka ilibidi kuijaza upya. California nayo ina kiangazi kirefu na msimu mmoja wa mvua, na haikuchukua muda waendeshaji kulaumiwa kwa kuharibu njia. Mwaka 1988 waliunda chama cha kutetea na kutunza njia za baiskeli, na moja ya kanuni zake ni kutoendesha kwenye njia iliyolowa kiasi cha kuacha mfereji wa tairi.

Sababu yake inahusu Dodoma moja kwa moja. Tairi likipita kwenye tope huacha alama. Alama ikikauka huwa mfereji. Mvua inayofuata hukimbilia kwenye mfereji huo na kuuchimba. Watu wanakwepa, njia inapanuka, upande mpya nao unachimbika, na baada ya miaka michache kuna korongo ambalo hata mbuzi hulizunguka. Anayetaka kuona mwisho wa habari hii aende Kondoa. Mmomonyoko wa huko ulikuwa mbaya kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Njia za ng'ombe zilikuwa miongoni mwa mahali makorongo yalipoanzia.

Mwanafunzi hawezi kuambiwa akae nyumbani mpaka njia ikauke. Lakini anaweza kushuka na kusukuma kwenye mita hamsini zilizo mbovu, akipita katikati ya tope badala ya kuchonga njia mpya pembeni. Na wenye madumu ya maji, ambao baiskeli moja hubeba kilo 80, wangefanya vivyo hivyo kama wangeombwa.

Njia yenyewe inatibika kwa majembe. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, ila kijia cha kukatisha mashambani kwenda shule hakina mwenyewe mwingine zaidi ya wanaokipita. Kijia kinachoshuka kilima moja kwa moja ni mfereji unaosubiri mvua. Kikate kilima kwa ubavu. Waendeshaji wa baiskeli za milimani hufuata kanuni mbili zinazofaa hata huku: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, na kwa wastani usizidi mita moja ya kushuka kwa kila mita kumi za kwenda. Penye maji yanayokimbia juu ya njia, ukingo wa chini ulegezwe ili yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Penye tope la kila mwaka, mawe yapangwe. Kazi hiyo ya asubuhi mbili inafaa Oktoba au mapema Novemba, ardhi ikiwa kavu na mashamba hayajaanza kudai watu. Mwenyekiti wa kitongoji akiwaita wazazi wa watoto wanaopita hapo, wengi watakuja, maana kila mmoja anajua shimo lake.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza kazi hiyo ikaguliwe tena. Maji hayatapita yalipotarajiwa. Mzazi mmoja abebe jembe, atembee nyuma ya watoto mpaka shuleni, na kurekebisha anaporudi.